Adabu za Meza ya Karata: Historia na Lugha Mpakani, Kasese na Bwera

Utangulizi

Katika kurasa hizi tumezoea kuzungumzia sarufi, fasihi na mbinu za kufundishia. Safari hii tunaomba tukae kidogo mezani pa wacheza karata. Huenda wapo watakaouliza mchezo wa karata unahusiana vipi na idara ya lugha. Jibu letu ni kwamba meza ya karata ni miongoni mwa mahali pachache ambapo historia ya Kiswahili imehifadhiwa bila mtu yeyote kukusudia kuihifadhi. Aidha, ni mahali ambapo watu wasiojuana, na mara nyingine wasiosikilizana lugha, hulazimika kukubaliana juu ya haki.

Makala haya yanashughulikia jambo moja mahususi, nalo ni mpangilio wa meza. Fungu la kuokotea liwekwe wapi? Karata iliyochezwa ilale vipi? Mikono ya mchezaji ionekane au isionekane? Nani ana haki ya kugusa nini? Mtu asiyecheza huyaona haya kuwa mambo madogo. Mchezaji anajua kwamba ugomvi mwingi huanzia hapo. Tumechagua kuyatazama kutoka Kasese na Bwera, magharibi mwa Uganda, kwa sababu huko mpaka, reli, mgodi na soko vimewaweka watu wa lugha nyingi kwenye benchi moja kwa zaidi ya miaka 60.

Mahali penyewe

Mji wa Kasese ulikua kutokana na shaba. Mwaka 1956 reli kutoka Kampala ilifika Kasese, na mwaka huohuo uchimbaji wa shaba ulianza kwa kiwango cha biashara huko Kilembe, bondeni chini ya milima ya Rwenzori. Mgodi na reli vilihitaji watu, na watu walikuja. Wakonzo walikuwa wenyeji wa milima, Wasongora walikuwa na ng'ombe wao tambarare, na sasa wakaongezeka Watooro, Wanyankole, Wakiga na wengine kutoka mbali zaidi. Uchimbaji ulikoma mwanzoni mwa miaka ya 1980, na mwishoni mwa miaka ya 1990 treni nazo zikaacha kufika. Mji haukufa. Biashara ya mpakani ilikuwa imekwisha kuupa sababu nyingine ya kuishi.

Ukitoka Kasese kuelekea kusini magharibi, kiasi cha kilomita 50 hivi, unafika Bwera, na mbele kidogo ni kituo cha mpaka cha Mpondwe. Ng'ambo ya mto Lhubiriha ni Kasindi, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na barabara inaendelea hadi Beni na Butembo. Wakonzo wa upande wa Uganda na Wanande wa upande wa Kongo husikilizana bila shida, maana lugha zao ni ndugu wa karibu sana. Lakini biashara haiwahusu wao peke yao. Yuko dereva wa lori aliyetoka Mombasa, yuko mfanyabiashara wa Kampala, yuko wakala wa forodha, yuko mnunuzi wa kahawa. Upande mmoja shule hufundisha kwa Kiingereza, upande wa pili kwa Kifaransa. Lugha inayowakutanisha wote hawa bila mkalimani ni Kiswahili.

Tukumbuke kwamba Kiswahili nchini Uganda kimekuwa na njia yenye miiba. Kilitumika sana jeshini na polisi tangu enzi za ukoloni. Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na kwa raia wengi sauti ya Kiswahili ilibaki kuwa sauti ya amri: simama, toa kitambulisho, lala chini. Mwaka 2005 marekebisho ya Katiba yalikifanya lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Hata hivyo, uamuzi wa serikalini hauondoi kumbukumbu ya mtu. Kwa hiyo tunapotafuta mahali ambapo Mganda wa kawaida alikutana na Kiswahili bila bunduki, ni vyema tutazame sokoni, kwenye lori na kwenye meza ya karata. Hapo hakuna anayeamuru. Kila mtu ana zamu yake.

Karata zilivyokuja na majina yake

Neno karata lenyewe ni mgeni wa zamani. Linatokana na Kireno, carta. Wareno walifika pwani yetu mwaka 1498 na msafara wa Vasco da Gama, wakaanza kujenga Ngome ya Yesu huko Mombasa mwaka 1593, na wakaipoteza kwa Waomani mwaka 1698. Walichokiacha katika lugha si kingi ukilinganisha na Kiarabu, lakini katika karata walituachia karibu msamiati mzima.

Tutazame aina nne za karata. Nyekundu yenye umbo la moyo huitwa kopa. Nyekundu ya pembe nne huitwa uru. Nyeusi ya majani matatu huitwa pau, na wengine husema pao. Nyeusi yenye ncha huitwa shupaza. Mwanafunzi akiuliza kwa nini moyo uitwe kopa, jibu halimo katika picha anayoiona. Limo katika karata za kale za kusini mwa Ulaya, ambazo aina zake zilikuwa vikombe, dhahabu, magongo na panga. Kwa Kireno hizo ni copas, ouros, paus na espadas. Baadaye Wareno walipochukua karata zenye picha za Kifaransa, ndizo hizi tunazozitumia leo, waliendelea kuziita kwa majina ya zamani. Waswahili wakayapokea majina hayo, wakayavalisha irabu na matamshi ya kwao. Kwa hiyo mtu anaposema kopa huku akitazama moyo, kwa hakika anataja kikombe kilichokwisha kuondoka kwenye picha karne nyingi zilizopita.

Neno turufu nalo, yaani aina inayozishinda nyingine zote katika mchezo, limetoka katika trunfo la Kireno. Leo waandishi wa habari hulitumia kila msimu wa uchaguzi: fulani bado ana karata yake ya turufu. Wengi wanaolitumia hawajawahi kushika karata.

Jambo linalotufurahisha zaidi ni majina ya karata zenye sura za watu. Katika Kiswahili cha pwani, kama kamusi za zamani zinavyoonyesha, karata hizo ziliitwa wazungu. Malkia ni mzungu wa pili, ghulamu ni mzungu wa tatu, na mfalme ni mzungu wa nne. Msomaji atashangaa: kwa nini malkia awe chini ya ghulamu? Na yuko wapi mzungu wa kwanza? Ufumbuzi uko katika hesabu. Katika michezo ya Kireno ya jamii ya bisca na sueca, malkia ana pointi 2, ghulamu 3, mfalme 4, saba ina 10, na karata ya moja, ambayo sisi huiita ree, ina 11. Jumla ya kila aina ni 30, na kwa aina nne ni 120. Nusu yake ni 60, kwa hiyo anayetaka kushinda anahitaji angalau 61. Sasa tukumbuke mchezo wa zamani wa pwani uitwao wahedi wa sitini. Maana yake kwa Kiarabu ni moja na sitini, yaani 61. Hesabu ya Kireno imepewa jina la Kiarabu na watu wanaosema Kiswahili. Ni nadra kupata tabaka tatu za historia yetu zikiwa zimelazwa vizuri hivi juu ya mkeka mmoja.

Meza ya zamani na karata iliyolala kingamo

Michezo ya namna hii ina kanuni za mpangilio ambazo zimedumu. Katika sueca wachezaji ni wanne, wawili wawili, na wenza hukaa wakitazamana, si ubavu kwa ubavu. Sababu ni wazi: anayekaa ubavuni kwa mwenzake anaweza kuchungulia. Karata zinazoshindwa katika kila mzunguko hukusanywa kifudifudi mbele ya mmoja wa wenza hao, zisichanganyike na zilizo mkononi. Wenza hawaruhusiwi kuambiana walicho nacho, kwa maneno wala kwa kukonyeza.

Katika bisca kuna kanuni moja inayostahili kuangaliwa kwa makini. Baada ya kugawa, karata moja hufunuliwa na kuwekwa kingamo chini ya fungu la kuokotea, nusu yake ikijitokeza nje. Hiyo ndiyo inayoonyesha turufu. Haisemwi kwa sauti kisha ikasahauliwa. Hulala hapo mbele ya macho ya wote hadi fungu liishe. Mchezaji anayetaka kujua turufu ni ipi hana haja ya kumwuliza mpinzani wake, wala ya kuamini jibu lake. Anatazama tu.

Kanuni hii ndogo ina falsafa kubwa. Jambo linalowahusu wote linapaswa kuonekana na wote, na jambo la mtu binafsi libaki mkononi mwake. Adabu nyingine zote za meza, tukizichunguza, ni matawi ya kanuni hiyo.

Meza ya matatu

Tukirudi Uganda, mchezo wa karata unaochezwa zaidi nchini kote huitwa matatu. Msomaji wa Nairobi atadhani tunazungumzia magari ya abiria, lakini Mganda hukaa akicheza matatu bila kwenda popote. Katika muongo wa 2010 mchezo huu uliingizwa hata katika simu za mkononi na vijana watengeneza programu wa Kampala.

Kanuni zake hutofautiana kidogo kutoka kijiwe hadi kijiwe, lakini msingi ni mmoja. Kila mchezaji hugawiwa karata saba. Zinazobaki huwekwa katikati kuwa fungu la kuokotea. Mchezaji huteremsha karata inayofanana na iliyo juu ya lundo, kwa aina au kwa namba, na asipokuwa nayo huokota. Anayecheza 2 humfanya anayefuata aokote karata mbili. Anayecheza 8 au ghulamu humruka anayefuata. Anayecheza ree hupata haki ya kuchagua aina nyingine. Anayemaliza karata zake kwanza ndiye mshindi.

Hapa ndipo tunapokutana tena na karata iliyolala kingamo. Katika matatu karata moja hufunuliwa mwanzoni na kuwekwa chini ya fungu, ikijitokeza nje, na hiyo ndiyo karata ya kukatia. Mchezaji akiteremsha saba ya aina ileile, mchezo hukatika papo hapo. Kila mmoja hufunua alicho nacho, pointi huhesabiwa, na mwenye pointi chache hushinda. Hatusemi kwamba matatu ni mtoto wa bisca, maana kwa namna ya kuchezwa ni ya ukoo mwingine kabisa, ule wa michezo ya kumaliza karata mkononi. Tunachosema ni kwamba meza mbili, katika zama mbili na pembe mbili za Afrika Mashariki, zilipata jibu lilelile kwa tatizo lilelile. Hatari inayomkabili kila mchezaji lazima ilale mahali kila mchezaji anapoweza kuiona.

Adabu nyinginezo za meza hii zinaweza kuorodheshwa kwa ufupi.

Kwanza, fungu huwa katikati, mahali mikono yote inapofika kwa usawa, na lundo la zilizochezwa huwa kando yake. Fungu likisogezwa upande wa mtu mmoja, mashaka husogea nalo.

Pili, mgawaji akishachanga karata, mtu mwingine hupewa nafasi ya kukata fungu. Si kwamba mgawaji anatuhumiwa. Kukata humwondolea mgawaji tuhuma kabla haijazaliwa.

Tatu, karata hushikwa mkononi juu ya meza. Mkono ulioshuka chini ya meza, hata kama unakuna goti, ni mkono wenye kesi.

Nne, karata huokotwa moja moja kutoka juu, ili wote wahesabu. Anayeokota mbili kwa mkupuo atalazimika kueleza kama zilikuwa mbili au tatu, na maelezo hayo hayana shahidi.

Tano, karata iliyoachwa na vidole imechezwa. Hairudi mkononi kwa sababu mwenyewe ameona sura ya mpinzani ikibadilika.

Sita, lundo halichakuriwi. Fungu likiisha, karata ya juu ya lundo hubaki mahali pake na nyingine huchangwa upya mbele ya wote.

Saba, mtazamaji ana macho lakini hana mdomo. Hii ndiyo kanuni inayovunjwa zaidi, na ndiyo inayofanana zaidi na adabu za bao na omweso, ambako wazee wanaozunguka ubao hujiona kuwa nao wanacheza.

Neno moja tu

Sasa tufikie jambo linaloigusa idara yetu moja kwa moja. Ukiitazama orodha hiyo, utaona kwamba mchezo wa matatu unaweza kuchezwa karibu wote bila kusema. Mpangilio wa meza ndio unaosema. Fungu linasema okota, lundo linasema linganisha, karata ya kukatia inasema jihadhari. Mkonzo, Mnande, Mganda na Mkenya wanaweza kukaa pamoja kutwa nzima wakicheza kwa haki bila lugha moja.

Isipokuwa mahali pamoja. Mchezaji akiteremsha ree, lazima ataje aina anayoitaka. Hapo mpangilio unanyamaza na neno linahitajika. Je, atasema nini? Aliyesoma ng'ambo ya mto amezoea majina ya Kifaransa: cœur, carreau, trèfle, pique. Aliyesoma Kasese amezoea ya Kiingereza. Aliyetoka Mombasa au Zanzibar ana kopa, uru, pau na shupaza. Neno likisikika vibaya, mchezaji wa pili atateremsha karata isiyofaa, wa tatu atapinga, na kama kuna shilingi mezani, ugomvi umeanza.

Njia ya kawaida ya kuepuka ugomvi huo popote pale ni kuongeza ishara juu ya neno: kuonyesha kidole karata ya aina hiyo iliyomo katika lundo, au kusema rangi kwanza, nyekundu au nyeusi, kisha umbo. Ni suluhisho zuri, lakini linatuonyesha pengo. Kiswahili kina seti kamili ya majina manne, mafupi, yasiyofanana kwa sauti, yaliyotumika pwani kwa karne nyingi, na hayamilikiwi na shule ya upande wowote wa mpaka. Hata hivyo tunawafundisha wanafunzi wetu maneno ya ikulu na ya bungeni, nao wanakwenda kijiweni bila kopa. Tunaona kwamba lugha inayotaka kupendwa na watu walioiogopa inapaswa kuanzia mahali watu wanapocheka.

Meza isiyo na adabu

Ili kuona thamani ya adabu hizi, tutazame meza iliyo kinyume chake. Kila msafiri wa Afrika Mashariki anaijua. Tanzania huitwa karata tatu, Kenya huitwa pata potea. Sanduku limegeuzwa juu chini kando ya kituo cha mabasi. Mtu mmoja anazungusha karata tatu kwa kasi na kuwataka wapita njia waitambue moja. Waliosimama wanashinda kila mara, maana ni wenzake. Mgeni akiweka nauli yake, anapotea.

Ukiichunguza meza hiyo kwa kanuni zetu, utaona kwamba kila moja imegeuzwa. Karata hazina mahali maalumu. Mikono inayozigusa ni ya mtu mmoja tu. Hakuna anayekata. Watazamaji ndio wenye mdomo mkubwa kuliko wote. Jambo linalomhusu mgeni limefichwa, na jambo lake binafsi, yaani fedha zake, ndilo lililofunuliwa. Mama aliyeuza maharage yake na kupoteza fedha zote kabla ya kupanda gari la kurudi nyumbani hakushindwa mchezo. Hapakuwa na mchezo.

Sheria nayo haikuwa tayari siku zote kutofautisha meza hizi mbili. Sheria ya Makosa ya Jinai iliyoanza kutumika Uganda mwaka 1950 ilimweka anayecheza mchezo wa bahati kwa fedha mahali pa wazi katika fungu moja na watu wavivu na wakorofi. Mwaka 2022 Mahakama ya Katiba ilibatilisha sehemu za kifungu jirani kilichohusu uzururaji, ikiona kwamba vilikuwa vipana mno na viliwaonea watu. Suala la fedha mezani ni jingine, na sisi hatumshauri mtu yeyote acheze kwa fedha, hasa kijana asiyekuwa na za kutosha. Lakini tunasema kwamba kundi la madereva wanaosubiri karatasi za forodha, wanaocheza matatu kwa chupa ya soda, fungu likiwa katikati na mikono ikionekana, si genge. Ni baraza dogo lenye katiba isiyoandikwa.

Ulimwengu nao umerudi mezani

Wapo vijana wetu, hasa walioko vyuoni na ughaibuni, wanaocheza karata za aina nyingine, zile za kukusanya na kubadilishana. Mchezo wa Magic: The Gathering uliobuniwa na Richard Garfield ulitoka Marekani mwaka 1993. Pokémon ulifuata Japani mwaka 1996, na karata za Yu-Gi-Oh! mwaka 1999. Hapa kila mchezaji huja na fungu lake mwenyewe, na michezo hiyo ina mashindano makubwa yenye waamuzi na zawadi.

Jambo la kutafakari ni hili: mashindano hayo yamelazimika kuandika yale ambayo kijiwe kinayajua kwa mazoea. Katika Pokémon fungu, lundo la zilizotumika na zile karata 6 za tuzo zinazolazwa kifudifudi vyote vina mahali pake mezani. Katika Magic wachezaji wa miaka ya mwanzo walipanga walivyopenda. Wengine waliziweka karata za ardhi mbele, karibu na mpinzani, na wengine nyuma. Baadaye kanuni za mashindano zikaamua: ardhi zikae karibu na mwenyewe, karata nyingine mbele yake, na fungu na lundo vikae upande mmoja. Karata iliyokwisha kutumika katika zamu hiyo hulazwa kingamo, ili mpinzani ajue kwa kutazama tu. Mikono lazima iwe juu ya meza. Mpinzani ana haki ya kuchanga fungu lako kabla ya mchezo kuanza.

Msomaji ameshaona tunakoelekea. Karata iliyolazwa kingamo, mikono juu ya meza, fungu kukatwa na mtu mwingine: yote haya yangeeleweka mara moja kwa dereva aliyekaa Mpondwe. Hatudai kwamba walionakiliana. Wote walikuwa na tatizo moja, nalo ni mtu wa kutoka mbali aliyeketi mbele yako, usiyemjua kwao, na ambaye lazima muafikiane naye kabla ya jua kuchwa.

Kwa walimu na wanafunzi

Tunapendekeza mambo matatu. La kwanza, mwalimu wa msamiati atumie karata darasani. Fungu moja la karata 52 hufundisha namba, rangi, vivumishi vya kulinganisha, amri na adabu za kuomba zamu. Mwanafunzi atatofautisha karata hii na karata hizi haraka zaidi akiwa ameishika.

La pili, wanafunzi wanaotoka wilaya za mpakani wakusanye maneno yanayotumika katika vijiwe vya kwao: jina la kukata, la kuokota, la kumruka mtu, la kumkaripia mtazamaji mropokaji. Maneno haya hayamo katika kamusi nyingi, na yakipotea hayatatangazwa gazetini. Mwezi Machi 2020, Uganda ilipofunga mipaka yake kwa abiria kwa sababu ya korona na malori ya mizigo yakabaki peke yake barabarani, tuliona jinsi mazungumzo ya mpakani yanavyoweza kukatika kwa siku moja.

La tatu, tusiwe na haya kutaja asili. Mwanafunzi akiambiwa kwamba kopa ni Kireno, wahedi ni Kiarabu, ghulamu ni Kiarabu na jokari ni Kiingereza, asidhani Kiswahili ni maskini aliyeombaomba. Lugha iliyokaa mezani na kila mgeni ikajifunza hesabu yake, kisha ikaendesha mchezo kwa sauti yake yenyewe, si maskini.

Hitimisho

Tumeeleza kwamba mpangilio wa meza ya karata ni namna ya kuhakikisha haki pale ambapo undugu, ukabila na lugha haviwezi kuihakikisha. Tumeonyesha kwamba majina ya karata katika Kiswahili yana historia ya pwani kuanzia Wareno hadi Waomani, na kwamba katika miji kama Kasese na Bwera mchezo hudai neno moja tu la pamoja, neno ambalo Kiswahili kinalo tayari. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na kwenye mikutano huzungumzwa mengi kuhusu soko la pamoja na lugha ya pamoja. Wanaopitisha mizigo Mpondwe hawawezi kuingoja mikutano hiyo imalizike. Wanachohitaji kutoka kwetu walimu ni maneno yanayotosha mkononi, yasiyo na harufu ya amri. Tuanze na manne: kopa, uru, pau, shupaza.